Hilux ya dizeli inakosa mafuta: kabla hujashusha pampu

Hilux za zamani zenye injini ya 2L, 3L au 5L (ni majina ya injini, si lita) zikianza kuzimika ovyo au kugoma asubuhi, hukumu ya haraka huwa ni moja: pampu imekufa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kushusha pampu na kuipeleka kwa fundi wa pampu na nozo (vinyunyizio vya dizeli) ndiyo kazi ghali kuliko zote kwenye njia ya mafuta, na ikirudi lazima itegwe taimingi (wakati wa kunyunyiza dizeli) upya. Kabla ya hapo jibu swali moja tu: je, dizeli safi isiyo na hewa inafika kwenye pampu?

Magari haya hayana pampu ya umeme ndani ya tenki. Pampu iliyo kwenye injini ndiyo inayovuta dizeli yenyewe, kupitia bomba la chuma linalofuata chesisi, kisha filta yenye kipampu cha mkono juu yake. Kwa kuwa mafuta yanavutwa, tundu kwenye njia hiyo halidondoshi kitu injini ikiwa inaunguruma, linaingiza hewa. Gari likilala, hewa inapanda na dizeli inarudi tenki. Ndiyo maana mtu anainama chini ya gari, haoni hata tone, anaamua kwamba mabomba ni mazima.

Anza na ekzosi. Mmoja apige stata sekunde kama kumi, mwingine aangalie moshi. Injini isiyowaka lakini inatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi inapata mafuta. Hapo tafuta hita plagi, taimingi, kompresheni, au betri chovu isiyozungusha injini kwa kasi ya kutosha. Isipotoa moshi hata kidogo, mafuta hayafiki kwenye silinda, na sasa una sababu ya kufuatilia njia yote.

Solenoidi ya kukata mafuta, yaani vali ya umeme inayofungua na kufunga njia ya dizeli, ni ya kuangalia mapema kwa sababu haichukui hata dakika tano. Iko kwenye pampu, karibu na yanapotokea mabomba ya nozo, na ina waya mmoja. Fungua swichi bila kupiga stata: lazima usikie "tak". Ikiwa kimya, pima ule waya kwa taa ya kupimia. Hakuna umeme, fuata fyuzi na waya. Umeme wa volti 12 upo lakini hailii, solenoidi ndiyo mbovu. Ukiwa porini unaweza kuivutia waya moja kwa moja kutoka chanya ya betri ufike nyumbani, ila injini haitazimika kwa swichi mpaka uuchomoe. Kuna mafundi wanaong'oa pini ya ndani na kuliacha gari lizimwe kwa kuweka gia na kuachia klachi. Huko si kutengeneza.

Kipimo cha hewa kinataka subira ya usiku mmoja. Asubuhi, kabla ya kugusa stata, bonyeza kipampu cha mkono. Kikiwa kigumu tangu mwanzo, mafuta hayakurudi. Kikiwa laini, ukabonyeza mara nyingi ndipo kikakaza, kisha gari likawaka kwa mara moja, una hewa inayoingia mahali fulani. Tazama kipampu chenyewe kwanza: kiwambo chake cha mpira hupasuka kwa uzee, na dalili ni unyevu wa dizeli chini ya kitufe. Kisha oringi ya filta na ya plagi ya kutolea maji, klipu zilizolegea, washa (pete za kuziba) za kwenye boliti za kuingizia mafuta (usizirudie zilizokwishabanwa), na mipira iliyokauka hadi kupata mistari ukiipinda. Bomba la chuma hutoboka pale linaposhikwa na klampu kwenye chesisi, kwa sababu matope hukaa hapo na kutu huanza bila kuonekana. Fungua klampu uone, usipapase tu.

Ukitaka ushahidi, nunua nusu mita ya mpira mweupe unaoonyesha ndani. Mingi ya mipira ya magari haya ina tundu la milimita 8, lakini pima wako kwanza. Uweke kati ya filta na pampu, uwashe, uangalie. Mapovu machache mara tu baada ya kuwasha si tatizo. Mapovu yasiyokoma ni tatizo. Uhamishie kabla ya filta. Mapovu yakipotea hapo, hewa inaingia kwenye filta au kichwa chake. Yakiendelea, inaingia huko nyuma kuelekea tenki.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni dumu. Jaza dumu safi la lita 5 kwa dizeli uliyoichuja, chomoa mpira unaoingia kwenye pampu na ule wa kurudisha, na yote miwili iingie kwenye dumu kwa vipande vingine vya mpira. Usisahau wa kurudisha, kwa sababu pampu hii inapitisha mafuta mengi kuliko yale injini inayoyachoma. Ziada ndiyo inayoipoza. Funga dumu mbali na feni na ekzosi, na usiendeshe gari hivyo barabarani. Kwanza liweke juu kuliko pampu. Injini ikinguruma vizuri na kupokea mafuta ukikanyaga, tatizo liko kati ya tenki na pampu, filta ikiwemo. Kisha lishushe chini sakafuni, na hapa wengi hawafiki: dumu likiwa juu, mafuta yanashuka yenyewe na kuficha udhaifu wa pampu katika kuvuta. Likiwa chini, pampu inayochoka kuvuta itajionyesha.

Kuziba kuna dalili zake. Gari linakwenda vizuri, linakosa nguvu mlimani, linazimika, ukisubiri kidogo linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Fungua mfuniko wa tenki papo hapo. Ukisikia upepo ukivutwa ndani kwa nguvu, tundu la hewa limeziba na kazi imeisha. Usiposikia kitu, shuku takataka kwenye chujio la ndani ya tenki: zinavutwa kulifunika, injini ikizimika zinaanguka. Chomoa bomba upande wa filta na upulize kuelekea tenki kwa upepo mdogo, mfuniko ukiwa wazi. Gari likipona, umejua ugonjwa, si kwamba umeutibu. Tenki lazima lishushwe lioshwe. Anayetaka kuliziba kwa kuchomelea aambiwe kwamba mvuke wa dizeli uliobaki ndani unatosha kulilipua.

Filta ibadilishe bila kubishana kama hujui ilifungwa lini. Kwa anayenunua dizeli ya madumu, kilomita 10,000 ni nyingi. Ukiijaza kabla ya kuifunga, mimina kwenye matundu ya pembeni, si la katikati, ambalo ni upande wa mafuta yaliyokwishachujwa.

Mafuta yakifika safi na injini bado inamisi, ingia kwenye nozo. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), legeza nati ya bomba la nozo moja kwa spana namba 17, nusu mzunguko tu, ukiwa umefunika kwa kitambaa kinene. Mlio ukibadilika, nozo hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Kaza, nenda ya pili. Isiyobadilisha kitu ndiyo ya kupeleka kwenye mashine, ingawa silinda yenye kompresheni mbovu nayo hujibu hivyo. Kamwe usitafute uvujaji wa mabomba haya kwa kidole. Dizeli ya presha hii inatoboa ngozi, na jeraha dogo kama la sindano linahitaji upasuaji siku hiyohiyo. Tumia kipande cha boksi.

Pampu iliyokwisha kweli ina tabia yake: asubuhi inawaka, ikipata joto inagoma. Hedi na plunja za ndani ya pampu, zinazosukuma dizeli, zimelika, na dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya pembeni. Zima, funika pampu kwa kitambaa chenye maji kwa dakika kumi, jaribu tena. Ikiwaka, sasa ishushe. Usimwage maji baridi injini ikizunguka, maana pampu inaweza kung'ang'ania. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huharakisha uchakavu huu, kwa sababu dizeli ndiyo kilainishi pekee cha pampu.

Kabla ya kulegeza boliti, chora alama kati ya pampu na mahali ilipofungwa. Peleka nozo zote nne pamoja nayo. Wakati wa kurudisha, angalia boliti ya kurudishia mafuta, iliyoandikwa OUT: ina tundu dogo lililopimwa ili kushika presha ndani ya pampu, na ikifungwa upande wa kuingizia, pampu nzima itaonekana mbovu tena.