Anakohoa maji baada ya kutolewa pafu

Swali: Daktari, mume wangu alitolewa pafu la kulia siku 12 zilizopita. Tangu jana usiku, akilalia ubavu wa kushoto anakohoa maji mepesi yenye wekundu hafifu, hadi shuka inalowa. Ni mafua?

Jibu: Hapana, dada yangu. Mrudishe hospitali sasa hivi, usingoje kuche. Nahofia mshono wa njia ya hewa umeachia, na maji yaliyojaa pale pafu lilipokuwa yanamwagikia pafu moja lililobaki. Njiani alalie ubavu wa kulia, kichwa kimeinuliwa. Kushoto asilalie hata kidogo. Huko watamwekea mpira kifuani wa kutoa maji, watampa antibayotiki na kuchungulia tundu kwa kamera. Likiwa kubwa, huenda wakalishona upya na kulifunika kwa msuli wake mwenyewe. Ile shuka nenda nayo, waione.