Hela ilikuja, korosho zimeshapanda meli

Mmeuliza wiki hii kama fedha za serikali za kukuza uchumi zinaifikia miji midogo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wabanguaji wa korosho mkoani Mtwara. Mji wenyewe sitautaja, maana maafisa wetu tunakutana nao sokoni kila siku. Jibu langu ni kwamba zinafika, ila mnada wa korosho umeshapita.

Kwanza jina. Huku kila hela inayotoka halmashauri watu huiita ruzuku, ndiyo maana wengine wakishapewa hawaonekani tena. Hii ya halmashauri, tunayoiita asilimia kumi, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Sheria iliporekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri ilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu.

Hayo "mapato ya ndani" ndiyo yanayotubana. Wenzetu wa Dar es Salaam wana mahoteli, viwanda na maduka yasiyohesabika ya kutoza. Sisi tuna korosho. Halmashauri inategemea ushuru wa asilimia 3 ya mauzo, kwa hiyo bei ikianguka, au ugonjwa wa ubwiri unga ukiipiga mikorosho, mfuko nao unasinyaa. Mwaka tunaohangaikia mtaji kuliko yote ndio mwaka ambao halmashauri nayo haina kitu.

Mashine za kubangulia tunazo. Tulichoomba ni hela ya korosho ghafi. Aprili 2023 serikali ikasitisha mikopo hii ili kuweka utaratibu mpya, tukakaa mpaka 2024 ilipofunguliwa. Andiko letu la kuomba mkopo tukalipeleka mapema kabisa, Julai. Likarudi: muhtasari wa kikao hauna mhuri wa mtendaji. Tukarekebisha, likarudi tena: katiba ya kikundi haijasainiwa kila ukurasa. Kila likirudi ni steshenari, kopi na bodaboda, hela inayotoka kwenye mfuko wa kuzikana.

Minada ilianza Oktoba. Fedha ziliingia Februari. Wakati huo korosho zilishaondoka bandarini Mtwara kwenda Vietnam na India, kubanguliwa na akina mama wengine. Tungezunguka mitaani kununua kwa mkulima mmoja mmoja tungeitwa kangomba, na hilo ni kosa. Hela ikalala benki, marejesho yakaanza, hatujabangua hata kilo moja. Tulirejesha kwa kuuza vitumbua, na sisemi hivi kwa utani.

Ningekuwa na sauti ningeomba mambo mawili tu. Fedha za wabanguaji zitoke kabla ya Septemba kwisha, hata kama ni kidogo. Na afisa maendeleo ya jamii aje katani akae nasi siku moja, kila kasoro aione hapo hapo. Hao maafisa siwalaumu sana. Halmashauri zenyewe huandika maandiko Hazina kuomba fedha za miradi ya kimkakati, na nadhani ile yenye wachumi na wahandisi wa kutosha ndiyo hutangulia. Nao wanajua kurudishiwa karatasi.

Safari hii tumeanza kuandika mwezi wa nne. Muhtasari tumeugonga mihuri miwili, mmoja wa akiba.