Maswali ya wasomaji: Kamera ya mwaka 2008 bado ina kazi?

*Habari za kazi. Napiga picha za kipaimara, harusi na sendofu maeneo ya Sakina na Ngaramtoni. Kuna mzee anafunga studio, ananiuzia Nikon D700 pamoja na lenzi mbili. Wenzangu wananicheka: megapikseli 12, wakati simu zina 50 na zaidi! Ninunue au niache?*
Kijana wa Sakina, Arusha

Nunua, kijana wetu, ila uikague kwanza kama mtu anayenunua pikipiki iliyotumika: kwa kuiwasha na kuiendesha, si kwa kuipangusa vumbi na kuitazama.

Tuanze na hizo megapikseli. D700 ilitoka mwaka 2008, na picha yake ina nukta 4256 kwa 2832. Ukiichapisha inchi 12 kwa 18, fremu kubwa ya kutundika sebuleni, kila inchi inapata nukta 236 hivi. Ukichapisha A4 zinapita 360. Mgeni aliyekaa kwenye kochi haoni upungufu wowote. Halafu simu nyingi za megapikseli 50, zikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, huunganisha nukta nne kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12 na nusu. Hesabu wanayokucheka nayo ndiyo hiyo hiyo wanayotembea nayo mfukoni.

Tofauti iko kwenye sensa, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga. Ya D700 ni milimita 36 kwa 24 hivi, sawa na fremu moja ya filamu ya zamani. Kila nukta ina eneo kubwa la kukusanyia mwanga, ndiyo maana ukumbini usiku, kwenye ISO 3200 (usikivu mkubwa wa sensa kwa mwanga hafifu), nyuso bado zinatoka safi. Tena unatazama kupitia kioo. Ndafu inapoingia na watu wanacheza, jicho lako linaona tukio lenyewe, bila skrini kulichelewesha.

Lenzi ndizo sababu kubwa zaidi. Mdomo wa lenzi wa Nikon, ule unaoitwa F, umekuwepo tangu mwaka 1959, na D700 ina mota ya fokasi ndani ya mwili wake. Kwa hiyo hata lenzi za AF na AF-D za miaka ya nyuma, zisizo na mota yake zenyewe, zinafokasi zenyewe. Lenzi ya 50mm f/1.8 (yaani yenye tundu pana la kuingizia mwanga) iliyotumika, ikiwa safi, itawapendeza wateja wako kuliko kuongeza hela ununue mwili mpya wenye lenzi dhaifu.

Mapungufu yapo. Haipigi video kabisa, kwa hiyo kama wateja wako wanataka vyote viwili, tafuta Canon 5D Mark II au Nikon D7000. Mwili mtupu unakaribia kilo moja. Kitundu cha kutazamia kinaonyesha asilimia 95 tu ya picha, basi usishangae mkono wa mtu ukajitokeza pembeni wakati wewe hukuuona. Na inatumia kadi za kumbukumbu za CF (CompactFlash), ambazo maduka mengi yameacha kuziweka. Ukizipata nzuri, nunua mbili palepale.

Sasa ukaguzi. Shata ya D700, yaani mapazia yanayofunguka na kufunga mbele ya sensa, ilipimwa na watengenezaji kwa mapigo 150,000. Piga JPEG moja, ihamishe kwa kadi yenyewe (ukiituma kwa WhatsApp taarifa zake zinafutika), ifungue kwa programu ya ExifTool na utafute mstari wa ShutterCount. Ukikuta 180,000 haina maana kwamba itakufa kesho. Ina maana bei ishuke. Kisha elekeza kwenye anga yenye mwanga, fungua tundu la lenzi lote, piga kwa 1/8000. Upande mmoja wa picha ukiwa na giza, mapazia ya shata yamechoka. Mulika tochi ndani ya tundu la kadi: sindano zote ziwe zimenyooka, maana moja tu iliyopinda inatosha kuharibu kadi au kuzuia isisomeke. Kwenye menyu tafuta taarifa za betri. Umri wake unaandikwa 0 mpaka 4: sifuri ni mpya, nne imekwisha. Mulika tochi kupitia lenzi pia, pande zote mbili, ukitafuta utandu wa ukungu.

Raba ya kushikia ikiwa imetanuka na kubanduka, usiogope. Ni ugonjwa wa kawaida wa Nikon za wakati ule, mafuta na jasho la mkono ndivyo vinavyoutia. Ibandue, safisha gundi ya zamani, bandika upya kwa gundi ya utepe wa pande mbili.

*Gauni la bibi harusi linatoka la kijivu. Nikiongeza mwanga, linapauka. Nikipunguza, uso wa bwana harusi unapotea. Ni uzee wa kamera?*
Mpigapicha, Majengo, Moshi

Hapana, dada. Hata kamera iliyotoka dukani leo itakufanyia hivyo. Kipimo cha mwanga kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inapunguza mwanga, na suti nyeusi ikijaa, inaongeza. Kwenye kitufe cha fidia ya mwanga (+/-), gauni peke yake liongezee kama +1. Suti nyeusi ipunguzie -2/3. Wakiwa pamoja, tumia kipimo cha nukta moja (spot), kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu, pima uso wa mwenye ngozi nyeusi zaidi, punguza -2/3 au -1, funga kipimo, ndipo upange picha.

Pale uzee unapoingia ni kwenye vivuli. Sensa za zamani hazipendi kuinuliwa giza baadaye kwenye kompyuta. Punje zinajaa, na 5D Mark II inaonyesha mpaka mistari. Kwa hiyo uso upate mwanga palepale ukumbini. Piga flashi juu kwenye dari nyeupe, irudi kwa upole. Dari ikiwa imefunikwa vitambaa vya zambarau vya mapambo, usifanye hivyo, nyuso zote zitatoka za zambarau. Weka kadi nyeupe nyuma ya flashi badala yake. Na piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, taa za rangi zinasahihishika kwa urahisi zaidi.

*Natumia Canon 5D ile ya kwanza. Tangu nitoke Tarangire mwezi wa nane, kila picha yenye anga ina madoa meusi, tena mahali palepale.*
Dereva wa watalii, Njiro, Arusha

Hilo ni vumbi juu ya sensa, kaka, si juu ya lenzi. Ya kwanza hiyo, ya mwaka 2005, haina ule mtikisiko wa kujisafisha uliokuja kwenye Mark II, kwa hiyo vumbi la kiangazi likiingia linabaki.

Thibitisha hivi: ISO 100, tundu f/22 (dogo sana), fokasi imeharibiwa makusudi, piga ukuta mweupe. Sogeza kamera kidogo wakati wa kupiga. Madoa yatabaki makali hata ukuta ukifutika. Kumbuka sensa inapokea picha iliyopinduliwa, hivyo doa la juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto unapoitazama sensa kwa mbele.

Chaji betri mpaka ijae. Hili si la kupuuza: betri ikiisha katikati, kioo na pazia vinashuka juu ya kile unachoshikilia. Ingia bafuni dakika chache baada ya mtu kuoga kwa maji ya moto, mvuke ukiwa umeshatulia, kwa sababu huwa umeshusha vumbi la hewani. Toa lenzi, chagua kwenye menyu kusafisha sensa, geuza kamera mdomo chini, pulizia mara kumi kwa kipulizia cha mpira, ncha ikiwa nje ya mdomo wa kamera. Usipulize kwa kinywa. Mate yatakuongezea kazi. Usitumie kopo la hewa ya kubana, linatema kimiminika.

Likibaki doa, ndipo utumie kijiti cha kusafishia sensa cha milimita 24, matone mawili ya dawa yake maalumu. Vuta mara moja kutoka upande mmoja hadi mwingine, geuza uso wa pili wa kijiti, rudi mara moja, tupa. Kukirudia kijiti kilekile ni kuburuza mchanga juu ya kioo. Spiriti ya duka la dawa ina maji, inaacha alama.

Ukiwa umeifungua, tazama kingo za kioo kinachoinuka. Kwenye 5D ya kwanza gundi yake inajulikana kwa kuchoka. Kikiwa kimesogea hata kidogo, acha kupiga na mpelekee fundi akigandishe kabla hakijaanguka.

Porini, badilisha lenzi vioo vya gari vikiwa vimefungwa na feni imezimwa, kamera ikitazama chini.

*Lenzi yangu ina kitu kama utando wa buibui ndani. Ilikaa kwenye mfuko wake wa ngozi tangu masika.*
Mwalimu, Marangu

Pole mwalimu. Huo ni ukungu, na mfuko wa ngozi ndio ulioulea, maana ngozi hushika unyevu. Uliopo utolewe na fundi kwa kufungua lenzi. Ukiwa umeshakula rangi ya juu ya kioo, alama hazifutiki, ingawa zikiwa ndogo zitakusumbua zaidi unapopiga ukielekea jua. Tangu sasa tumia chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, na punje za silika ndani. Zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Wanaokwambia uweke mchele wanakuletea vumbi la wanga.

*Nikon D90 yangu inaandika fEE na haipigi. Lenzi ni 50mm f/1.8D.*
Msomaji, Rau, Moshi

Kamera inalalamika kwamba pete ya tundu haiko kwenye namba kubwa kabisa. Zungusha pete ya tundu kwenye lenzi mpaka f/22, kisha sukuma kile kifungio kidogo kilicho pembeni yake. Sasa piga.