Tetemeko la 2016 na Bwawa la Nyerere

Ndugu, unasema Bwawa la Nyerere ndilo lililoleta tetemeko la 2016; hapana, bwawa halihusiki. Tetemeko lililotutikisa hapa Mwanza tarehe 10 Septemba 2016 lilitokea Kagera, ukubwa 5.9, na chanzo ni nguvu za Bonde la Ufa. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lilianza kujengwa 2019, na maji yakaanza kujazwa Desemba 2022. Tarehe tu zinatosha.

Ila hofu ya mabwawa makubwa si ya kupuuza. Uzito wa maji, pamoja na maji yanayopenya kwenye nyufa za miamba, vinaweza kuamsha ufa uliolala. Kariba, bwawa la mto Zambezi mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ilitikisika hivyo 1963 ziwa lake lilipojaa. Kwa hiyo tudai vipimo vya mitetemo ya Rufiji vitangazwe, wananchi tuvisome.