Kwa nini daktari alinitoa nje?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 14. Juzi nilimpeleka kliniki kujaziwa fomu ya afya ya shule ya bweni. Akapimwa macho, presha na kifua, kisha daktari akaniomba nitoke. Tukiwa kwenye matatu kijana ananiambia ameulizwa nani nyumbani anavuta sigara, na kama rafiki akimpa moja leo ataivuta. Nilikasirika. Mtoto hajavuta hata siku moja, sasa si ndiyo ametiwa wazo kichwani? Mimi navuta, ila barazani, si ndani.
Mzazi, Kisauni

JIBU: Baba, hilo wazo kijana wako amelikuta mtaani zamani, tena kwa majina ambayo mimi na wewe hatuyajui. Daktari alikuwa akisikiliza namna anavyojibu. Kuna anayesema, "Hapana, kamwe," na kuna anayesema, "Sidhani." Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1996 ulifuatilia vijana ambao hawajawahi kuvuta, ukaona wale wasiokataa katakata ndio walioanza zaidi miaka ya mbele. Mimi nikisikia "sidhani" naweka kalamu chini, tunazungumza.

Kukutoa nje nako si dharau. Zamani nilikuwa nauliza mbele ya wazazi. Mama mmoja akamjibia mwanawe: "Huyu? Hata moshi wenyewe unamkohoza!" Kijana akatikisa kichwa kukubali. Mama alipokwenda kulipa dirishani nikauliza tena. Akatazama viatu vyake, akasema polepole, "Mbili. Siku tukitafuna majani ya muguka." Tangu hapo, mzazi anasubiri kwenye benchi.

Sasa tuje kwenye baraza yako. Sigara zikikuishia usiku, nani huenda dukani? Maana nyumba nyingi ni mtoto: "Niletee mbili, chenji nunua peremende." Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na hata hizo za moja moja haziruhusiwi, pakiti isipungue sigara 10. Mwenye kibanda anamwuzia tu, si za babake? Basi siku kijana atakapotaka zake, bei anaijua, kibanda anakijua, na hakuna atakayemwuliza kitu. Ndiyo maana mzazi anayevuta tunamwandika kwenye faili ya mtoto, hata akivutia ufuoni.

Usimkalishe kumhoji. Mwambie ulianza ukiwa na umri gani, nani alikupa ya kwanza, na umejaribu kuacha mara ngapi. Hilo la mwisho usilipunguze.

Alichomwambia daktari usitarajie kuelezwa, isipokuwa kama maisha yake yamo hatarini. Na kama fomu haijagongwa muhuri, mrudishe amalizie. Wewe kaa palepale kwenye benchi.