Kabla hujauliza picha ina maana gani

Wanafunzi wapya wa sanaa wakinijia kujifunza kuzitazama picha za wasurealisti, wale wachoraji wa mambo kama ya ndotoni, picha ya kwanza ninayowaonyesha ni "Tembo Celebes" ya Max Ernst, iliyochorwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1921. Siwaulizi ina maana gani. Nawaomba waniambie wanaona nini, basi. Dakika haijaisha, mmoja keshasema "hofu", wa pili "nafsi iliyofungwa", wa tatu anamtaja Freud, yule daktari aliyechunguza ndoto na mambo yaliyojificha akilini. Samaki wanaoogelea angani hawajatajwa na mtu. Mwanamke asiye na kichwa, aliyeinua mkono wenye glavu, naye hajatajwa.

Siwalaumu, maana ndivyo nilivyoanza. Mwaka wangu wa kwanza niliandika insha ndefu juu ya "Wapenzi" ya René Magritte, ya 1928: mwanamume na mwanamke wanabusiana, vichwa vyote viwili vimefunikwa kitambaa. Nilikuwa nimesoma kwamba mama yake Magritte alikufa maji mtoni mwaka 1912, mtoto akiwa na miaka 13, na kwamba husimuliwa alipopatikana uso wake ulikuwa umefunikwa na gauni la kulalia. Nikaona nimepata ufunguo. Kurasa zote nikazijaza habari za mama na maiti. Mwalimu wangu alinirudishia insha ikiwa na swali moja pembeni, kwa penseli: "Nyuma yao kuna nini?" Sikuweza kujibu. Niliporudi kutazama nikakuta wamo chumbani, kuta na dari zimewabana. Tena mwaka huohuo Magritte alichora "Wapenzi" nyingine, ambayo sasa iko Canberra, Australia. Humo wamesimama nje, wameegemezeana vichwa kama watu wanaopigwa picha ya kumbukumbu. Ukiziweka mbili hizo pamoja, kitambaa kinaanza kusema mambo ambayo kifo cha mama peke yake hakiwezi kuyaeleza. Magritte mwenyewe hakupenda kabisa picha zake zifanyiwe uchunguzi wa kisaikolojia.

Nadhani sisi tunaponzwa kidogo na malezi yetu. Tumekua na vitendawili. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango: yai. Jibu ni moja, na ukilikosa unatoa mji. Basi tukiona yai kwenye picha tunataka mtu atuambie yai ni nini, tuliandike, tumalize. Wasurealisti hawakutega hivyo. André Breton, aliyetoa ilani yao Paris mwaka 1924, alikuwa amesomea udaktari, na wakati wa vita alihudumu katika hospitali ya askari walioharibikiwa akili. Kutoka kwa Freud alichukua wazo kwamba ndani yetu kuna mambo yasiyopita mlango wa akili timamu. Wakataka mkono utangulie, akili isipate nafasi ya kukataza. Mchoraji anayefanya kazi hivyo hakufichi jibu alilolishika mkononi.

Kwa hiyo kamusi za alama, zile zinazosema saa ni wakati na ndege ni uhuru, ziache. Tazama saa za Salvador Dalí katika "Udumifu wa Kumbukumbu", 1931. Watu wengi hawajui kwamba ni picha ndogo, sentimita 24 kwa 33, inazidi kidogo tu karatasi ya kuandikia barua. Na wengi hukuambia saa zote zimeyeyuka. Hesabu: ziko nne, na moja, ya rangi ya chungwa, ni ngumu, imefungwa, imejaa sisimizi. Miamba ya nyuma ni miamba halisi ya pwani ya Catalonia alikokulia. Wapo wanaozihusisha saa hizo na nadharia ya mwanafizikia Einstein kuhusu wakati. Dalí alisema zilitokana na jibini laini la Camembert likiyeyuka juani. Maneno ya mchoraji yachukue kama ushahidi mmoja, usiyafanye hukumu, hasa ya Dalí, aliyependa mno kuwachezea wasikilizaji.

Hata jina la picha liulize limetoka wapi. Ile ya Magritte ya 1953, wanaume wenye makoti na kofia wametanda angani kama mvua, inaitwa "Golconda". Jina lilitolewa na rafiki yake, mshairi Louis Scutenaire. Ukianza na jina utajikuta India kwenye mji wa almasi kabla hujamtazama hata mwanamume mmoja.

Nirudi kwa tembo. Mwaka mmoja binti aliyelelewa na bibi yake kijijini alinyoosha mkono kwa woga: "Mwalimu, hiki mbona kama kihenge?" Wenzake wakacheka. Alikuwa karibu na ukweli kuliko wote. Ernst aliona picha ya ghala la udongo la kuwekea nafaka, kutoka Afrika, katika jarida la Kiingereza la wanaanthropolojia. Alichukua umbo lile na miguu yake, akalivika sura ya chuma na bomba kama mkonga. Jina alilitoa kwenye mashairi ya utani ya watoto wa shule wa Kijerumani. Sasa ongeza kwamba alikuwa ametumikia miaka minne katika jeshi la mizinga la Ujerumani, kisha tazama tena ule moshi angani. Mimi naona ghala la chakula lililogeuzwa mashine ya vita. Hiyo ni tafsiri yangu, unaweza kuipinga; lakini utaipinga kwa kunionyesha kitu kilichomo ndani ya picha.

Jicho la yule binti ndilo ninalotaka ulithamini. Ulichokulia nacho ni elimu, hata kama hakimo katika vitabu vya Paris.

Wiki hii fanya kazi na "Msitu" wa Wifredo Lam, Mkuba aliyezaliwa na baba Mchina na mama mwenye asili ya Afrika. Aliichora mwaka 1943, baada ya kurudi nyumbani kutoka Ulaya. Kama umekulia karibu na Kilombero au Mumias, utaitambua mimea ile mirefu yenye pingili kabla ya mtu wa London: ni miwa. Na miwa haioti msituni, hulimwa shambani, na mashamba ya Cuba unajua yalilimwa na nani. Ila usianze na hilo. Chukua daftari, kaa dakika 20, andika vitu tu, bila neno "inaashiria". Utafute mkasi, uko juu upande wa kulia. Halafu hesabu miguu, uniambie ni ya watu wangapi.