Maji yanang'aa, samaki wanakufa: tangi jipya lina shida gani?

SWALI: Asalaam aleikum mtaalamu. Nipo Chumbageni, Tanga. Wiki mbili zilizopita nilimnunulia mwanangu tangi la lita 60 na samaki wa dhahabu wanane, bado wadogo. Siku ya nne maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Nikamwaga yote, nikasugua kioo, nikafua sponji ya chujio kwa maji ya bomba mpaka ikatakata. Nimefanya hivyo mara tatu sasa. Wawili wamekufa, na waliobaki wanashinda juu wanahema. Chini nimeweka changarawe na vipande vya matumbawe tulivyookota ufukweni. Ni ugonjwa gani huu, na niwape dawa gani?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Pole, na umpe pole mtoto pia. Katika maelezo yako sioni ugonjwa wa kutafutiwa dawa, na nakuomba usiweke dawa yoyote ya kuua vijidudu humo. Samaki wako wanaungua kwa sumu wanayoitoa wenyewe, na kila unapolisafisha tangi unawafukuza wale ambao wangewaokoa.

Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Chakula kilichobaki kikioza kinaongeza nyingine. Mtoni ingechukuliwa na maji, lakini kwenye lita 60 haina pa kwenda. Haina rangi, kwa hiyo maji yanaweza kung'aa na bado yakaua. Inachoma matamvua, na samaki mwenye matamvua yaliyoungua anapanda juu kutafuta pumzi, kama unavyowaona wako.

Kwenye tangi lililokomaa wapo bakteria wa kuishughulikia. Kundi la kwanza, Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili, hasa Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mradi maji yapunguzwe na kuongezwa mapya mara kwa mara. Bakteria hawa hushika kwenye sponji, changarawe na kioo. Kwenye maji yenyewe ni wachache. Tena huzaana polepole: kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kutosha kazi. Wewe umeshawaondoa mara tatu, na klorini ya bomba imemaliza waliobaki.

Siku ukipata nafasi, ikamue sponji ya tangi lililokaa mwaka mzima. Maji yanatoka ya kahawia, mazito kama chai ya rangi iliyokolea, na harufu yake ni ya udongo uliopata mvua, si ya kuoza. Tope lile ndilo linalowaweka samaki hai. Kama kuna mtu mjini mwenye tangi la zamani ambalo samaki wake ni wazima, hakuna msaada mkubwa atakaokupa kuliko kipande cha sponji hiyo. Kibebe kwenye ndoo yenye maji ya tangi hilohilo, kisikauke wala kisipigwe na jua, ukifika ukiingize kwenye chujio lako. Wiki sita zinaweza kupungua sana.

Weupe ule uliokutia hofu ni bakteria wa aina nyingine, wanaokula mabaki. Hupotea wenyewe kwa siku kadhaa. Ila wanatumia oksijeni nyingi, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja hubeba takribani miligramu 9, kwenye nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Kwa joto letu la Tanga, na samaki wa dhahabu ambaye asili yake ni maji ya baridi, pampu ya hewa isizimwe usiku wala mchana. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, dakika chache kila baada ya muda.

Matumbawe yatoe leo. Ni chokaa, nayo hupandisha pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake (namba ikipanda, uasidi umepungua), hasa maji yakiwa laini, yenye madini kidogo. pH ikitoka 7 kwenda 8, ile sehemu ya amonia inayoua huongezeka karibu mara kumi, hata kama samaki hawajaongezeka. Ndiyo maana maji ya visima vya mwambao wetu, yanayopita kwenye mwamba wa matumbawe, yanahitaji uangalifu zaidi kwenye tangi changa.

Sasa kazi yenyewe. Jaza ndoo leo, uiache wazi saa 24 na kuikoroga mara kadhaa ili klorini itoke. Kesho toa nusu ya maji ya tangi, ingiza hayo taratibu. Baada ya hapo badilisha theluthi moja kila siku. Ukipata vipimo vya matone vya amonia na nitriti, pima kila asubuhi. Kimojawapo kikifika miligramu 0.5 kwa lita, badilisha nusu siku hiyohiyo. Usiwalishe kwa siku mbili. Hawatakufa njaa, samaki mzima wa dhahabu anaweza kukaa wiki bila kula. Kisha uwape kidogo, siku moja wale, siku moja wakose, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika mbili.

Nitriti hupanda baadaye, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu, na huharibu damu isibebe oksijeni. Hapo chumvi inasaidia, kwa kuwa kloridi yake huizuia nitriti kuingia kwenye matamvua. Pima gramu 60 kwa tangi lako, yeyusha kwanza kwenye jagi, ugawe mara mbili au tatu kwa siku nzima. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya yale uliyotoa tu.

Sponji ikiziba, isuuze kwenye beseni la maji uliyotoka kuyachota tangini. Usiipeleke bombani tena.

Na hata wote sita wakipona, lita 60 hazitawatosha wakikua. Anza sasa kumtafuta wa kumpa wanne.